Poda Usoni, Jua la Kigoma: Somo kwa Anayeanza

MWAJUMA: Haya, karibuni. Tuko Mwanga, Kigoma, mwisho wa reli. Mezani kuna kioo, maji, tishu, sponji, brashi moja, na Neema hapa amekuja na uso mtupu kama nilivyomwagiza.

NEEMA: Mtupu kabisa, dada Mwaju. Dereva wa bajaji kaniuliza kama natoka hospitali.

MWAJUMA: (anacheka) Mwambie akusubiri hapo nje akuone ukitoka. Wasikilizaji wengi wametuandikia kuhusu poda. Hawataki mambo ya maharusi, wanataka poda ya kwenda nayo kazini, kanisani, kwenye kicheni pati, mtu ambaye hajawahi kushika brashi. Neema ndiye mtu huyo.

NEEMA: Mimi ni wa wanja na mafuta ya midomo, basi. Sasa naanza na hili: jana nimeingia dukani, nikasema naomba poda. Muuzaji kaniwekea vikopo vitatu, vyote anaviita poda. Nimetoka na kimoja kwa sababu kina kioo kizuri.

MWAJUMA: Lete nikione. Umebahatisha, hiki ndicho chenyewe. Tuvitenganishe. Ile ya kwanza ni poda ya mtoto, nyeupe pee, kazi yake ni kukausha jasho. Ya pili ni poda ya kumalizia, laini mno, nyingine haina rangi kabisa. Unaipaka juu ya fondesheni ya maji, ile rangi ya majimaji ya kusawazisha uso, ili isitembee. Halafu kuna hii, fondesheni ya unga, imeshindiliwa kwenye kikopo, ina rangi ya kutosha kusawazisha uso bila kuweka kitu kingine chini.

NEEMA: Na ya mtoto je? Maana sisi nyumbani tumekua nayo. Ukitoka kuoga, shingoni, kifuani. Sikukuu ikifika, mpaka usoni.

MWAJUMA: Shingoni mwa mama aliyetoka kuoga jioni na khanga yake, poda ile ina heshima zake, mimi siigusi. Usoni ndiyo tunagombana. Ile ni talki, yaani unga wa jiwe laini, au ni wanga wa mahindi, haina rangi ya ngozi ya mtu yeyote. Kwenye ngozi yetu inatoa jivu. Sasa fondesheni ya unga nayo mara nyingi ina talki, ila wametia rangi: oksidi za chuma, nyekundu, njano na nyeusi, pamoja na nyeupe inayotokana na madini ya titani. Hiyo nyekundu ni jamaa wa karibu wa kutu unayoiona kwenye bati.

NEEMA: Yaani napaka kutu.

MWAJUMA: Kutu iliyosafishwa, shoga yangu, na imetengenezewa kiwandani. Kila rangi ya kikopo ni mchanganyo wa hizo nne. Kiwanda kikizidisha ile nyeupe, hata kama juu kumeandikwa rangi ya kahawia, wewe utapauka. Ndiyo maana mtu anasema "poda hainipendi". Inampenda, ila haikuchanganywa kwa ajili yake.

NEEMA: Na hizo rangi za kwetu zimeanza kupatikana lini? Mama anasema zamani dukani kulikuwa na rangi mbili, ya mzungu na ya mzungu aliyekaa juani.

MWAJUMA: Mama hajakosea sana. Mwaka 1937 kampuni ya Max Factor kule Marekani ilitoa fondesheni ya kushindiliwa, wakaiita Pan-Cake, ya kupaka kwa sponji lenye maji. Waliitengenezea sinema za rangi, wanawake wa kawaida wakaidaka. Sisi hatukuwa kwenye hesabu zao. Iman, yule mwanamitindo Msomali, ameanzisha vipodozi vyake 1994 kwa ajili ya ngozi kama zetu. Rihanna na Fenty Beauty wametoa fondesheni ya rangi 40 kwa mpigo 2017, na kampuni nyingine zikaanza kukimbizana. Sasa hivi hata vikopo vya bei ya kawaida vina rangi nyingi. Kazi imebaki kwako kuchagua.

NEEMA: Mimi nimejaribia mgongoni mwa mkono.

MWAJUMA: Kila mtu anafanya hivyo, na mkono hauna uhusiano na uso. Mkono umepigwa jua, umefua, umeosha vyombo. Unapaka kwenye taya, hapa mfupa unapokutana na shingo, mistari miwili mitatu ya rangi tofauti. Unaondoka kwenye taa ya duka, unasimama mlangoni kwenye mwanga wa mchana. Rangi ambayo huioni tena, iliyopotea kwenye ngozi, ndiyo yako. Ukiiona, siyo.

NEEMA: Muuzaji ataniruhusu?

MWAJUMA: Asiporuhusu, nenda duka jingine. Na usilipe hapo hapo. Zunguka sokoni nusu saa. Mafuta ya ngozi yakishaingia kwenye unga, rangi inakolea kidogo. Ile uliyoiona inakaa sawa kwenye kioo cha duka, ukifika nyumbani imeshuka rangi moja.

NEEMA: Halafu kuna hii. Mimi na dada yangu wote tunaitwa maji ya kunde, lakini poda yake mimi inanifanya nionekane nimekasirika.

MWAJUMA: Kwa sababu ngozi yako inavuta kwenye njano, ya kwake inavuta kwenye wekundu. Weusi wenu ni ule ule, kilicho chini ndicho tofauti. Wewe tafuta poda yenye unjano, yeye abaki na yake. Na kama mtu uso umepishana na shingo kwa sababu ya mkorogo, naye tunamwona, hatumsemi: chagua rangi ya shingo na kifua. Uso ufuate mwili. Tena hapo hapo, ukinunua chochote cha usoni geuza kopo usome. Zebaki na haidrokwinoni, zile za kuchubua ngozi, zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini, na tangu 2019 vipodozi viko chini ya TBS, Shirika la Viwango. Kopo lisilo na jina la kiwanda wala tarehe, hata liwe na bei nzuri vipi, liache hapo hapo.

NEEMA: Sawa. Nipake sasa?

MWAJUMA: Umeosha uso?

NEEMA: Nimeosha, nikapaka losheni kidogo.

MWAJUMA: Lini?

NEEMA: Kabla hatujaanza kurekodi.

MWAJUMA: Vizuri, imeshaingia. Watu wengi wanaharibikiwa hapa, siyo kwenye brashi. Mtu anapaka mafuta ya mgando, yale mazito, uso unang'aa, halafu anaweka unga juu. Unga unashika mahali mafuta yalipo mengi, unateleza mahali pengine. Ukimwangalia pembeni ya pua kuna madonge. Kiangazi hiki cha Juni mpaka Agosti ngozi inakauka, naelewa, mafuta yana raha yake. Basi paka losheni nyepesi, kaa dakika kumi, kunywa chai. Kisha chukua tishu, bonyeza uso mzima. Usifute. Bonyeza.

NEEMA: (anabonyeza) Tishu imelowa paji la uso na pua tu.

MWAJUMA: Hapo ndipo unapotoa mafuta, na ndipo poda itakapoanza kuharibika saa saba mchana. Kumbuka. Sasa sponji. Gusa kikopo, usisugue. Mara moja. Geuza sponji, kung'uta mgongoni mwa mkono. Unaona unga uliobaki kwenye sponji? Huo unatosha shavu zima.

NEEMA: Huu? Huu si kitu.

MWAJUMA: Anza katikati, kando ya pua, ndiko wekundu na madoa yaliko. Weka sponji, bonyeza, inua. Kama mtu anayegonga mhuri. Usivute. Ukivuta unahamisha poda kutoka mahali ulipoitaka unaipeleka kwenye sikio, na ngozi iliyokauka inanyanyuka magamba madogo, yote yanaonekana. Bonyeza ukielekea nje. Ukifika tayani sponji liwe karibu tupu.

NEEMA: (kimya kidogo) Dada, doa la chunusi bado linaonekana.

MWAJUMA: Liache. Maliza shavu kwanza. Sasa rudi na kona ya sponji, poda kidogo sana, bonyeza juu ya doa peke yake mara mbili. Umeona? Anayeanza akiona doa moja anaongeza poda uso mzima. Doa moja linagharimu uso mzima! Acha ngozi nyingine ipumue, ionekane ni ngozi.

NEEMA: Na chini ya jicho?

MWAJUMA: Kilichobaki kwenye sponji, basi. Ile ngozi ni nyembamba, inakunjana ukicheka, poda inaingia kwenye mikunjo inakaa. Cheka nione. Eeh. Sasa chukua brashi, haina kitu, pitisha kutoka juu kwenda chini. Usoni tuna vinyweleo vidogo vimelala kuelekea chini. Ukipitisha kwenda juu vinasimama na kila kimoja kina unga wake.

NEEMA: Nilikuwa nadhani brashi ndiyo ya kupakia.

MWAJUMA: Inapakia pia, ila inapaka nyepesi. Sponji kavu linafunika zaidi. Sponji lenye maji, limekamuliwa mpaka halidondoshi tone, linafunika zaidi ya hapo, lakini hilo liache kwanza, mkono ukikosea linatoa mabaka. Na usirudishe sponji la maji au la mafuta kwenye kikopo hovyo. Utaona siku moja unga umefanya ngozi ngumu juu, unang'aa, ukigusa hautoki. Siyo kwamba umeisha. Ni mafuta ya uso wako yamehamia pale. Kwangua polepole kwa ncha ya kisu, safu ile itoke, chini uko mzima.

NEEMA: Hilo nimeliona kwenye kikopo cha shangazi, akakitupa!

MWAJUMA: Katupa hela. Sasa inuka, twende pale mlangoni. Geuka upande wa ziwani.

NEEMA: Jua linanipiga machoni.

MWAJUMA: Ndiyo nataka. Sisi tuko magharibi kabisa ya nchi, saa yetu ni ile ile ya Dar, lakini jua letu linachelewa kuzama zaidi ya nusu saa kuliko lao. Saa kumi na mbili jioni, sherehe imeshaanza, jua bado lipo, limeshuka juu ya milima ya Kongo na linakupiga usoni kwa ubavu. Jua la adhuhuri linasamehe, linatoka juu. Hili la jioni linaonyesha mpaka wa poda na shingo, linaonyesha vinyweleo, kila kitu. Mimi bibi harusi wa hapa simwachii mpaka nimemsimamisha hivi. Fundi aliyejifunza kwenye video za watu wa mbali, na taa yake ya duara, haya hayajui.

NEEMA: Nikoje?

MWAJUMA: Taya la kulia safi. Chini ya sikio kuna mstari, bonyeza na sponji tupu. Hapo. Hilo ndilo shavu la kwenda nalo mjini.

NEEMA: Mwingine ameandika kwamba kwenye picha za usiku uso wake unatoka mweupe, shingo nyeusi.

MWAJUMA: Ni ile titani, au zinki, au silika, zinarudisha mwanga wa flashi ya kamera. Kwa macho hauoni kitu. Ndiyo maana siku moja kabla ya shughuli, usiku, zima taa, jipige picha na simu yenye flashi. Ukitoka mweupe, poda hiyo iwe ya mchana tu.

NEEMA: Na jasho? Maana joto la hapa, na unyevu wa ziwa...

MWAJUMA: Usiweke poda juu ya jasho, itakuwa uji. Tishu kwanza, bonyeza, subiri ikauke, halafu kidogo paji na pua. Siyo mashavu, mashavu hayajakukosea. Halafu sponji ni lako peke yako. Kwenye kicheni pati najua linazunguka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, na ndivyo ugonjwa wa macho na wa ngozi unavyozunguka nao. Lifue na sabuni kila wiki, likaukie kivulini.

NEEMA: La mwisho, dada Mwaju, limetoka Ujiji. Anauliza afanyeje, kila akivaa mtandio mweupe unarudi na rangi ya poda yote pembeni, na usoni amebaki na duara.

MWAJUMA: Hilo zuri, na dawa yake ni mpangilio. Nguo inayopita kichwani vaa kwanza, jifunike khanga mabegani. Paka poda, lakini pembeni, pale mtandio utakapokaa, peleka sponji tupu tu. Bonyeza tishu kwenye mzunguko wote wa uso, itoe kilicholegea. Kaa dakika tano. Mtandio uwe wa mwisho, na usiuvute usoni kuupitisha, ushike kwa mikono miwili uuweke kutoka nyuma. Na kwenye kidevu, ukishabana pini, usirudie poda, maana hapo ndipo kitambaa kinaposugua siku nzima ukiongea.

NEEMA: Na mimi nina sendofu huko huko Ujiji saa kumi. Hebu nipe sponji nimalizie shavu la kushoto.

MWAJUMA: Tishu kwanza, mdogo wangu. Umeshatoka jasho.