Darubini ya bei ya kati: utaona nini, na wapi itagota

MWANAIDI: Assalaam alaykum, karibuni. Swali la wiki hii limetujia kwa sura nyingi lakini ni lile lile. Mtu ana dola 300 mpaka 900, anataka darubini ya jicho moja, ile inayokaa juu ya stendi. Ategemee nini? Mmoja anataka kutizama ndege, mwengine mwezi mwandamo, na kuna kijana anapiga shabaha huko bara, anataka ayaone matundu kwenye karatasi bila ya kuyafuata kwa miguu. Bwana Hamad, wewe unatembeza wageni Pemba, darubini iko begani kila siku. Tuanzie wapi?

HAMAD: Wa alaykum salaam, Bi Mwanaidi. Tuanze na huyo wa shabaha, maana swali lake ndilo gumu, na akijibiwa yeye wamejibiwa wote. Mtizama ndege anaweza kujidanganya: anaona kitu cheusi kwa mbali, akili inamalizia iliyobaki. Mpiga shabaha hana nafasi hiyo. Ama tundu analiona, ama halioni.

MWANAIDI: Na tundu lenyewe dogo.

HAMAD: Dogo mno. Risasi ya .22 ina upana wa milimita 5.6 hivi. Ile ya bunduki kubwa, milimita 7.62. Kwa mita 50 hakuna taabu. Kwa mita 100, darubini nzuri ya bei hii, ukiivuta mara 25 au 30, inakuonesha matundu ya .22 kwenye sehemu nyeupe ya karatasi, moja moja. Yakiingia kwenye duara jeusi la katikati ndipo unapoijua lenzi, kwa sababu tundu na karatasi vinakaribia rangi moja. Kwa mita 200, lile la 7.62 utaliona asubuhi, hewa ikiwa imetulia. Kwa mita 300, saa saba mchana wa jua kali, simwahidi mtu.

MWANAIDI: Hata kwa ile ya mara 60?

HAMAD: Hata hiyo. Lenzi ya milimita 80 yenyewe ina uwezo wa kulitenga tundu hilo. Kinachoiangusha ni hewa. Ardhi ikishika moto, mazigazi yanapanda, picha inacheza, na kadiri unavyovuta ndivyo unavyoyakuza na mazigazi yenyewe. Mtu analipia 60, anatumia 30.

MWANAIDI: Lakini kwenye boksi 60 ndiyo iliyoandikwa kwa herufi kubwa. Unakuta 20-60x80. Hebu tuisome hiyo.

HAMAD: Inavuta kuanzia mara 20 mpaka 60, na kioo cha mbele kina upana wa milimita 80. Sasa chukua 80 ugawe kwa 20, unapata 4. Huo ndio upana, kwa milimita, wa nuru inayotoka kuingia jichoni mwako. Gawa kwa 60, unapata 1.3. Nuru imekuwa nyembamba, picha inaingia kiza. Darubini ya bei ya kati ni safi mpaka mara 40 hivi. Kutoka hapo inaanza kulainika, kingo za vitu zinapoteza ukali. Hilo si kasoro ya darubini uliyouziwa, ndiyo hali ya daraja hilo. Na ndiyo maana mimi napendelea mtu anunue Kowa TSN-501, ndogo, kioo cha milimita 50, inayoishia mara 40, kuliko jidude lenye 75 lililotengenezwa kwa vioo vya ovyo.

MWANAIDI: Na akitaka kubwa?

HAMAD: Kuna Vortex Diamondback HD, kuna Celestron Regal M2, kuna Hawke Endurance ED. Zote zinastahiki fedha yake. Asitegemee Swarovski, hiyo ni bei ya pikipiki. Lakini tofauti na hiyo ghali ataiona zaidi alfajiri na magharibi, nuru inapopungua, na anapovuta mpaka mwisho. Saa tatu asubuhi, kwa mara 30, ukiwapa watu watano watizame zote mbili, baadhi yao hawatakwambia ipi ni ipi.

MWANAIDI: Mtu atajuaje kabla ya kulipa? Dukani unaoneshwa ukuta wa jirani, basi.

HAMAD: Afanye jaribio la mpiga shabaha. Achukue karatasi ngumu nyeupe, atoboe kwa penseli. Penseli ya kawaida ina unene wa milimita 7 hivi, kwa hiyo tundu lake linakaribiana na la risasi ya 7.62. Atoboe manne au matano, mawili yakaribiane sana, karibu kugusana. Nyuma yake abandike karatasi nyeusi ili matundu yaonekane. Aifunge kwenye mnazi, ahesabu mita 100, aweke darubini. Aanze na mara 20, apande taratibu. Yale mawili yaliyokaribiana yanaonekana mawili, au yameungana? Picha ikianza kulegea, atizame namba kwenye pete ya kuvutia: hapo ndipo ukomo wa darubini yake. Ikiwa ni 45, vizuri sana. Ikiwa ni 28, airudishe. Afanye asubuhi mapema, halafu arudie saa sita mchana, karatasi ile ile, mahali pale pale. Ataona kwa macho yake kwamba hewa imemla zaidi kuliko kioo.

MWANAIDI: Hilo la mazigazi nimesikia wapiga shabaha wanalitumia pia, si adui tu.

HAMAD: Wanalitumia, na ni elimu nzuri. Ukishailenga karatasi ikawa safi, unazungusha kidogo kurudisha picha nyuma, kama unatizama katikati ya njia. Karatasi inafifia, lakini mazigazi yanajitokeza. Yakilala upande mmoja, upepo unavuka kutoka upande wa pili. Yakipanda wima, ama hakuna upepo, ama unakuja usoni au kutoka nyuma. Wanarekebisha kulingana na hapo. Ni mtu aliyetazama mpaka akaelewa, sio bahati.

MWANAIDI: Sisi hapa tuna upepo wa kutosha. Kusi likivuma, darubini inatulia kweli?

HAMAD: Haitulii juu ya stendi ya simu! Na hili nalisema kwa uchungu kwa sababu nimewaona vijana wenzangu, wamejinyima, wamenunua darubini ya dola 500, wakaiweka juu ya stendi ya plastiki. Kila wakigusa pete ya kulenga, picha inaruka. Wanadhani darubini mbovu. Mwenye dola 500 anunue darubini ya 350, inayobaki yote iende kwenye stendi nzito. Nguzo ya katikati asiinyanyue. Mkoba wenye mawe auning'inize chini yake. Akitaka kutizama kwa muda mrefu akae chini, miguu ya stendi ifupishwe, upepo unapita juu.

MWANAIDI: Hapo nakubaliana nawe moja kwa moja, isipokuwa kuishusha darubini mpaka 350. Kwa mwezi mwandamo, dakika chache baada ya jua kuzama, ile nuru ya milimita 80 inasaidia.

HAMAD: Kwa mwezi sawa. Lakini hapo unavuta mara ngapi?

MWANAIDI: Ishirini tu. Watu hudhani mwezi unataka kuvutwa sana. Kwa mara 20, darubini nyingi zinakupa uwanja wa nyuzi 2 za anga hivi, na mwezi wenyewe ni nusu nyuzi. Kwa hiyo unapata nafasi ya kuutafuta. Kwa 60 unatizama kipande kidogo cha anga, mwezi uko pembeni yako na huuoni, na muda unakwisha. Na tafadhali, wasikilizaji wangu, jua likiwa bado juu ya upeo msiielekeze darubini huko hata kwa kupitisha. Jicho linaungua mara moja na halirudi. Subirini lizame lote. Watoto wawekwe mbali nayo mpaka hapo.

HAMAD: Hilo lisemwe kila mara.

MWANAIDI: Turudi kwenye kazi yako. Herufi ED zina maana kwako?

HAMAD: Zina maana kubwa. Ni aina ya kioo kinachozizuia rangi zisitawanyike. Kwenye kioo cha kawaida, kitu cheupe kikisimama mbele ya kiza, au tawi jeusi mbele ya mbingu, ukingo wake unaota mstari wa zambarau au kijani. Sasa fikiria popo wa Pemba pale Kidike. Mchana wamening'inia kwenye vilele vya miti, mbingu nyeupe nyuma yao. Manyoya yao yana rangi nzuri sana, wekundu wa kahawia. Kwa kioo cha kawaida mgeni anaona kivuli chenye ukingo wa zambarau. Kwa ED anaona manyoya, anaona jicho, anaona bawa lilivyokunjwa. Na hatukuwasogelea, hawakuruka. Popo hawa hawapatikani popote duniani ila Pemba, kuwatizama kwa mbali ni wajibu wetu.

MWANAIDI: Na pwani?

HAMAD: Pwani ni shabaha tupu. Maji ya bamvua yakikupwa, ndege wako mita 200, 300, kwenye tope, na hapo juu ya tope ndipo mazigazi yalipo. Huku Unguja hali ni hiyo hiyo Ghuba ya Chwaka. Wanaokuja kutoka kaskazini kati ya Septemba na Aprili, wengi wanafanana. Nenda maji yanapoanza kujaa, asubuhi. Maji yanawasukuma ndege wenyewe mpaka karibu yako, na mara 30 inatosha.

MWANAIDI: Nina maswali mawili ya haraka. Mwenye miwani?

HAMAD: Atizame kwenye karatasi ya maelezo, nafasi ya jicho, yaani umbali wa jicho na kioo cha nyuma, iwe milimita 15 au zaidi. Chini ya hapo ataona tundu la katikati tu.

MWANAIDI: Darubini iliyopinda pale pa kuweka jicho, au iliyonyooka?

HAMAD: Iliyopinda, kwa mimi. Warefu na wafupi wanatumia bila ya kupandisha stendi, na kwa vilele vya miti shingo haiumi. Mpiga shabaha anayelala chini, aijaribu kwanza pale alalapo.

MWANAIDI: Na chumvi yetu hii?

HAMAD: Chumvi na unyevu ndivyo vinavyoua darubini visiwani. Nunua iliyojazwa naitrojeni na kuzibwa, ili mvuke usiingie ndani. Ukirudi pwani usifute kioo kwa kanga wala shati. Puliza kwanza mchanga utoke, halafu kitambaa laini chenye unyevu wa maji baridi, maji ya mfereji. Wakati wa masika usiifungie ndani ya mkoba. Iache kwenye kabati penye hewa, na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya, viweke pembeni yake, ubadilishe vikichoka. Kuvu likishaota ndani ya kioo, kwa darubini ya bei hii gharama ya kuifungua na kuisafisha inakaribia bei ya kununua nyengine.

MWANAIDI: Ahsante sana, Bwana Hamad. Kijana wa shabaha, ukishatoboa karatasi yako tuandikie ilikuwa mara ngapi picha ilipolegea, na saa ngapi za mchana. Tutaisoma wiki ijayo, inshallah.