Tuvalishe treni ya mtoto: stika za kuchapisha nyumbani

Jambo yenu wote, wazazi na vijana mnaotutazama. Niko mezani kwangu hapa Katuba, Lubumbashi, na mbele yangu kuna treni ya mbao: kichwa kimoja na mabehewa matatu. Binti yangu ameivuta sakafuni mwaka mzima, haina rangi wala jina. Nataka asome juu yake majina ya vituo anavyovisikia nyumbani: Likasi, Tenke, Kamina. Leo tunaivalisha.

Vitu tunavyohitaji ni vichache. Karatasi nyeupe za kawaida, rula ya chuma, penseli, makasi, wembe mpya, alkoli ya famasi, kitambaa safi, na karatasi ya stika ya A4. Kwenye pakiti huwa wameandika autocollant. Ukipata ile ya plastiki, chukua hiyo, maana inakunjika kwenye kona bila kupasuka. Ukipata ya karatasi tu, usiikunje: kata vipande vitatu, mbavu mbili na paa, kila kimoja peke yake.

Sasa, usikimbilie kompyuta. Anza na karatasi nyeupe. Tazama mkono wangu: naanzia chini ya ubavu huu, napanda, napita juu ya paa, nashuka ubavu wa pili. Kila kona naikandamiza kwa ukucha ibaki alama. Kwa penseli nachora mahali magurudumu yanapopita. Nikiikunjua, nina kipimo, kama fundi cherehani aliyempima mtu shati. Behewa langu lina urefu wa milimita 80. Ubavu una 38, paa lina 32, ubavu wa pili 38. Kwa hiyo nguo nzima ni 80 kwa 108. Mimi napunguza milimita moja kila ukingo, ili stika isifike kwenye ncha kabisa. Ikifika nchani, vidole vya mtoto vitaibandua siku ya kwanza. Juu ya magurudumu acha milimita mbili. Na zile sumaku za mbele na nyuma usizifunike, behewa litashindwa kushika lenzake.

Tunaingia kwenye kompyuta. Natumia Inkscape, ni programu ya bure. Hata LibreOffice Draw inatosha. Weka ukurasa uwe A4 na vipimo viwe milimita. Chora mstatili wa kipimo chako, kisha mistari miwili ya mkunjo. Hapa naomba mnifuate polepole, kwa sababu wengi wanakosea. Nguo hii ikilala mezani, ubavu mmoja uko juu, paa katikati, ubavu wa pili chini. Ule wa chini unaandikwa kawaida. Ule wa juu lazima uandikwe kichwa chini, miguu juu. Usipoupindua, upande mmoja wa behewa utasoma LIKASI na upande wa pili herufi zitakuwa zimesimama kwa vichwa. Kabla ya kuendelea, chapisha kwenye karatasi nyeupe, vika behewa, lizungushe mkononi, soma pande zote mbili.

Rangi ya nyuma ipitishe milimita mbili nje ya mstari wa kukata. Wembe ukiyumba kidogo, hutaona weupe pembeni.

Ukitaka picha halisi ya behewa au ya kichwa cha treni, nenda stesheni, lakini omba ruhusa kwanza kwa wenye mahali kabla hujatoa simu. Picha iwe na nukta 300 kwa inchi. Kwa milimita 80 hiyo ni kama nukta 945, na simu yoyote ya kisasa inazo. Tatizo huja mkitumiana kwa WhatsApp, kwa sababu picha inabanwa. Itume kama dokumenti, itafika nzima.

Kichwa cha treni yetu nimekipa namba 1910. Ndio mwaka reli ilipofika mji huu ikitokea upande wa Sakania, na binti yangu atakapouliza namba hiyo ni ya nini, nitakuwa na la kumsimulia.

Kabla ya kuhifadhi faili kama PDF, chora kwenye kona mstari wa milimita 100. Mstari huu ndio ulinzi wako. Mara ya kwanza nilipeleka faili kwenye kibanda cha kuchapisha bila mstari, mashine ikabana ukurasa ili uenee, na nguo ya 108 ikatoka 104. Mbao ilionekana chini, karatasi nzima ya stika ikapotea, na karatasi hizo si za bei ndogo. Sasa mwambie mchapishaji waziwazi: asilimia 100, usiipunguze. Achapishe kwanza kwenye karatasi nyeupe, weka rula juu ya mstari. Ukisoma 100, mpe karatasi ya stika. Ukisoma 97, msimamishe.

Muulize pia kama mashine yake ni ya wino au ya leza. Leza inatumia joto kali, na karatasi ya plastiki iliyotengenezwa kwa wino inaweza kuyeyuka ndani na kuharibu mashine ya watu. Nunua karatasi inayolingana na mashine.

Wino ukitoka, usiuguse. Acha ukauke hadi kesho yake, kisha funika kwa plastiki angavu yenye gundi, ile ya kujalidia vitabu vya shule. Bila hiyo, mkono wenye maji utafuta kazi yako yote. Kata kwa wembe na rula, pembe zizungushe kidogo. Pembe kali huanza kuinuka mapema.

Kubandika. Wakati huu wa kiangazi vumbi letu jekundu linaingia kila mahali, kwa hiyo funga dirisha, panguza mbao kwa alkoli, ngoja ikauke. Mbao ghafi isiyopakwa kitu ipake vanishi siku mbili kabla, la sivyo gundi haitashika. Na asubuhi zile za baridi za mwezi wa Juni, subiri jua lipande au pasha stika kati ya viganja. Gundi baridi haishiki.

Bandua sentimita moja tu ya karatasi ya nyuma. Anza na paa, linganisha mikunjo na kona, sukuma kwa kitambaa kutoka katikati kwenda nje, kisha shusha mbavu, mmoja baada ya mwingine. Povu la hewa likibaki, litoboe kwa sindano na ulikandamize.

Kama nyumbani kuna mtoto wa chini ya miaka mitatu, kagua kingo kila wiki. Kipande kilichoinuka kitoe mara moja kabla hakijaingia mdomoni.

Iache treni usiku kucha bila kuchezewa, gundi ishike. Kesho asubuhi mrudishie mwenyewe.