Kipindi: Haiti, Deni na Supu ya Boga

KESSY: Karibuni. Zuhura leo kanuna, msimchokoze.

ZUHURA: Kaka, nimeacha kazi wiki hii. Bosi ananiambia nirudishe kwanza gharama za mafunzo, ndipo anipe barua. Kumbe hata kuondoka kunalipiwa!

KESSY: Si ndiyo mada yenyewe? Mwaka 1825 manowari za Ufaransa zimetia nanga Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, zimebeba amri ya mfalme Charles X: lipeni faranga milioni 150, tuwafidie waliokuwa mabwana zenu, ndipo tuwatambue kuwa mko huru.

ZUHURA: Huru walikuwa tayari! Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo leo ni Haiti, waliinuka Agosti 1791, mashamba ya miwa yakateketea. Kiongozi wao Toussaint Louverture alikamatwa 1802, akafia gerezani Ufaransa mwaka uliofuata. Jenerali wake Dessalines akasonga mbele, Novemba 1803 jeshi la Napoleon wa Ufaransa likapigwa huko Vertières. Tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru.

KESSY: Ndiyo maana kila tarehe hiyo Wahaiti wanakunywa supu ya boga. Inasimuliwa kuwa watumwa waliipika, mabwana wakainywa.

ZUHURA: Inaitwa joumou. UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi tangu 2021.

KESSY: UNESCO wamepotoka. Boga ni futari, dada. Linataka tui.

ZUHURA: Ina nyama ya ng'ombe.

KESSY: Basi mchuzi.

ZUHURA: Ina kabichi, karoti, na tambi.

KESSY: Tambi?! Supu ni ya asubuhi, chapati mbili, ndimu, pilipili. Nani kaweka tambi?

ZUHURA: Watu waliomfukuza Napoleon. Kawaulize.

KESSY: Nimenyamaza. Ila tambi…

ZUHURA: Turudi 1825, kwa Boyer, rais wa Haiti. Alikosea kukubali lile deni.

KESSY: Angefanyaje? Mizinga iko bandarini.

ZUHURA: Mizinga waliizoea! Baba zao walipigana na watu haohao.

KESSY: Na nchi ikabaki majivu. Boyer alitaka kutambuliwa, auze kahawa yake kwa amani.

ZUHURA: Akakopa kwa mabenki ya Paris alipe awamu ya kwanza tu. Deni likazaa deni. Hata walipopunguziwa mwaka 1838, mzigo ulibaki kwa mkulima wa kahawa, maana serikali ilitegemea ushuru wa forodha.

KESSY: Hayo unayajua leo. Yeye alikuwa anaangalia meli.

ZUHURA: Mkulima hakuulizwa, Kessy.

KESSY: Vitani angeulizwa?

ZUHURA: Sikubali.

KESSY: Nami sikubali. Enhe, dakika ngapi zimebaki?

ZUHURA: Mbili. Na ulisema una mafunzo matatu.

KESSY: Yamekwisha kuliwa na boga. Hata Dessalines kuuawa 1806 hatujafika.

ZUHURA: Fundi anatuonyesha saa.

KESSY: Wasikilizaji, mwenye supu yenye tambi atuandikie—

ZUHURA: Kessy!

KESSY: —na anayemuunga mkono Boyer pia. Kwaherini.