Dude: kutoka sharobaro hadi mshikaji

Ndugu zangu, asanteni kwa kunikaribisha. Neno la leo ni la mitaani Marekani, na vijana wetu wanalo mdomoni kila siku: dude. Wengi tunalijua kwa maana ya mshikaji. Lakini lilipozagaa New York mwaka 1883, kumwita mtu dude kulikuwa kumkejeli.

Aliyekejeliwa ni kijana wa kitajiri: suruali imembana, kola imempanda hadi kidevuni, kifimbo mkononi, na Kiingereza anakipinda kiwe cha London. Dar es Salaam tungemwita sharobaro. Januari mwaka huo gazeti la New York World lilichapisha shairi la Robert Sale Hill la kuwacheka vijana hao, na magazeti mengine yakalidaka neno.

Limetoka wapi? Barry Popik na Gerald Cohen, waliopekua magazeti ya zama hizo, wanalirudisha kwenye doodle, lile la wimbo wa Yankee Doodle. Mimi nakubaliana nao. Wimbo wenyewe ulikuwa wa dhihaka: askari wa Kiingereza wakimcheka mshamba wa koloni aliyechomeka unyoya kofiani akajiona mtanashati. Wamarekani wakauchukua, wakauimba kwa fahari wakipigania uhuru wao.

Dude nalo lilipita njia hiyohiyo, na hapa ndipo ninapolipenda. Kule Magharibi, wachunga ng'ombe walimwita hivyo mtu wa mjini asiyejua farasi; hadi leo ranchi zinazopokea watalii huitwa dude ranch. Kufikia miaka ya 1930 na 1940, vijana Weusi na vijana wenye asili ya Meksiko, wapenzi wa makoti marefu yenye mabega mapana, walikuwa wakiitana dude wao kwa wao. Kwao kupendeza hakukuwa aibu hata kidogo! Baadaye wateleza mawimbi wa California wakalieneza.

Mwaka 2004 mwanaisimu Scott Kiesling wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh aliandika kwamba neno hili huwawezesha vijana wa kiume kuonyeshana ukaribu bila kuonekana wamezidisha mapenzi. Nadhani amegonga penyewe. Siku hizi wasichana nao wanaitana hivyo, na kazi kubwa inafanywa na sauti: ukilivuta, umeshangaa, ukilikata ghafla, unamwonya mwenzako, ukilishusha taratibu, unampa pole.