Daftari la pamoja la wanaharakati wa uraia wa dunia: tuandike nini, na nani ashike ufunguo?

NEEMA: Karibuni, wasikilizaji wetu wa Bukavu, wa Uvira na wa ng'ambo ya ziwa. Leo tunazungumzia kazi ambayo wenzetu wengi katika harakati ya uraia wa dunia, yaani ya watu wanaojiona kuwa raia wa dunia nzima, wametuomba tuifafanue, nayo ni kuunda daftari moja la mawasiliano, ili mwalimu wa Kadutu, hapa Bukavu, anayetaka kufundisha Tangazo la Haki za Binadamu darasani aweze kumpata mwenzake wa Bujumbura au wa Lubumbashi aliyekwisha kuifanya kazi hiyo. Kaka Amani, hebu tuanzie kwenye asili ya wazo hili la kujiandikisha.

AMANI: Asante, dada Neema. Tarehe 25 Mei 1948, Garry Davis, Mmarekani aliyekuwa rubani wa ndege za mabomu katika Vita Kuu vya Pili, aliingia katika ubalozi wa nchi yake mjini Paris, akaukana uraia wake na kujitangaza kuwa raia wa dunia. Mwezi Novemba mwaka huohuo alikatiza kikao cha Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa katika jumba la Chaillot, akidai serikali moja ya dunia. Na alipotolewa nje, mwenzake Robert Sarrazac akaendelea na hotuba. Januari 1949 likafunguliwa mjini Paris daftari la kimataifa la raia wa dunia, na watu kwa mamia ya maelfu wakajiandikisha. Lakini daftari lile lilikuwa la kutangaza msimamo: mtu aliandika jina lake ili ahesabiwe. Sisi tunataka watu wapatikane, na mtu anayepatikana na rafiki anaweza kupatikana pia na asiyemtakia mema.

NEEMA: Hapo ndipo penye uzito. Ila kwanza niondoe hofu moja ninayoisikia sana kwa wazazi. Kifungu cha 10 cha Katiba yetu ya mwaka 2006 kinasema kwamba uraia wa Kongo ni mmoja tu na hauchanganywi na mwingine. Je, kijana akijiandikisha kuwa raia wa dunia, ataupoteza ule wa Kongo?

AMANI: Hapana. Uraia unaozungumziwa katika kifungu hicho ni ule unaotolewa na dola nyingine, na hakuna dola inayotoa uraia wa dunia. Davis aliukana uraia wake kwa hiari yake mwenyewe, lakini waliojiandikisha Paris hawakutakiwa kuukana wa kwao. Kijana huyo atabaki na kadi yake ya mchaguzi na haki zake zote.

NEEMA: Basi tuingie katika daftari lenyewe. Nimeona orodha nyingi zikianzishwa kwa moyo safi kisha zikafa, na mara nyingi zinauawa na mambo yanayoonekana madogo. Mtu anaandika nambari inayoanza na 081 au 099 bila msimbo wa nchi. Aliye Kigali akiipiga, haimfikishi popote. Inapaswa kuandikwa +243, kisha tarakimu tisa, sifuri ya mwanzo ikiondolewa. Tena hapa mpakani mtu mmoja ana laini ya Kongo, ya Rwanda na pengine ya Burundi, na anawasha ile yenye mega za intaneti siku hiyo. Na majina! Katika karatasi zetu mtu ana jina, jina la pili na jina la ubatizo. Huyu ataanza na Bahati, yule ataliweka Bahati mwishoni, na mtu mmoja ataonekana mara mbili huku wawili tofauti wakionekana kuwa mmoja.

AMANI: Kuhusu nambari kuna jambo zito zaidi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu, kampuni ya simu huweza kuifunga na kuiuza kwa mtu mwingine. Ukituma ujumbe wa mkutano kwa nambari ya zamani, unausoma mgeni kabisa. Kwa sababu hiyo kila mstari uwe na tarehe ya mwisho ambayo mhusika alithibitisha mwenyewe kwamba nambari bado ni yake, na asiyethibitisha kwa mwaka mzima afichwe kwanza, kisha afutwe.

NEEMA: Nakubali. Je, anwani ya nyumbani?

AMANI: Isiandikwe. Picha isiwekwe, avenyu isitajwe, wala nambari ya kadi. Tangu vita vilipouingia mji huu wa Bukavu mwezi Februari 2025, watu wametawanyika, na karatasi ikishikwa na mtu asiyestahili inatosha kuitia hatarini nyumba nzima. Jina ambalo mtu amelichagua mwenyewe, mji, lugha anazozungumza na kazi anayoweza kuisaidia: hayo yanatosha. Mimi ningependa hata nambari isionekane, ila kila ombi lipitie kwa mtu wa kati anayefahamika kwa pande zote mbili.

NEEMA: Hapo sikubaliani nawe, kaka. Daftari ambalo kila swali linasubiri mtu wa kati aamke, apate umeme na mtandao, halitamsaidia yule mwalimu wa Kadutu. Kuna watu ambao tayari wanazungumza redioni kwa majina yao. Hao wanataka wapigiwe simu. Kwa nini tuwafiche?

AMANI: Basi achague mhusika mwenyewe. Aliye tayari aonekane na wote, mwingine aonekane na wanachama tu, na wa tatu apatikane kupitia mtu wa kati. Ila asiyesema neno ahesabiwe kuwa amechagua ulinzi mkubwa zaidi. Ridhaa ni sharti pia la sheria yetu ya dijitali ya mwaka 2023, na hatuwezi kudai haki za binadamu wa dunia yote huku tukigawa nambari za jirani bila kumuuliza.

NEEMA: Hilo nalipokea kwa moyo wote. Na ufunguo?

AMANI: Faili ya daftari isimbwe, yaani ifungwe kwa maandishi ya siri, na neno la siri ligawanywe kati ya watu wawili wanaoishi miji tofauti, mmoja hapa, mwingine ng'ambo ya mpaka, ili hata mmoja akilazimishwa asiweze kuifungua peke yake. Nakala iwe moja tu, nayo ihifadhiwe mbali.

NEEMA: Na anayeomba kuondolewa?

AMANI: Aondolewe siku ileile, katika faili na katika nakala, bila kuulizwa sababu.

NEEMA: Basi tuanze na wale ambao kila mmoja wetu anaweza kuwatembelea na kuwauliza ana kwa ana. Walio mbali watafuata kupitia kwao.