Nirudishieni Milimita Yangu

Mhadhara wa fundi saa mstaafu mbele ya wanafunzi wa ufundi na usanifu, Dar es Salaam

Kadi hizo nne za benki pitisheni mkono kwa mkono, mzibane pamoja. Msihangaike na namba za siri, hazina kitu. Unene wake umepita milimita 3 kidogo tu. Sasa, mwaka 2018 Audemars Piguet, watengenezaji saa wa Uswisi, walionyesha saa waliyoiita RD#2. Mashine yake nzima ya ndani, pamoja na kalenda ya kudumu, ile inayojua yenyewe miezi mifupi na Februari ya siku 29, ina milimita 2.89. Mwaka 2021 Bulgari wakashuka hadi 2.75 kwa Octo Finissimo yao, vipande 408 vimelala humo, na tuzo kubwa ya saa ya Geneva wakaichukua. Nilipiga makofi. Kisha nikauliza lile swali langu, na wanaonijua naona wameanza kucheka: ikisimama, nani ataiamsha?

Kalenda ya kudumu yenyewe mnaifahamu, kwa hiyo nitapita haraka. Kuna gurudumu linalozunguka mara moja kwa miaka 4, ukingoni limechongwa mabonde 20, bonde kwa kila mwezi usiofika siku 31. Februari ndiyo yenye shimo refu, na ile ya mwaka mrefu, wa siku 366, imepungua kina kidogo. Wenzo unapapasa bonde na kujua tarehe iruke wapi. Zamani mitambo hii ilipandishwa ghorofa kwa ghorofa juu ya mashine ya saa. Hao hao Audemars Piguet mwaka 1978 walijitahidi wakaishia milimita 3.95. Kwenye RD#2 wakabomoa ghorofa. Kila kitu sakafu moja, kama nyumba ya Uswahilini, vyumba ubavu kwa ubavu na gurudumu moja linafanya kazi za wawili. Hapo nawavulia kofia.

Ila wembamba haukai bure. Mshale wa sekunde wameutoa, kwa sababu kila mshale unadai nafasi yake juu ya mwenzake. Matokeo yake saa inaweza kuwa imekufa mezani na wewe huna habari. RD#2 hujitia ufunguo kwa mwendo wa mkono, na ikijaa inakwenda saa 40. Ivue Ijumaa saa kumi na mbili jioni, Jumapili saa nne asubuhi imenyamaza. Na ikinyamaza miezi mitatu, siku, tarehe, mwezi, vyote unavirudisha kimoja kimoja kwa kijiti, unachokonoa vitufe vidogo vilivyozama ubavuni mwa kasha.

Niwape kisa, wenye kukijua wavumilie. Nikiwa bado na meza yangu Kariakoo, alikuja mzee mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, na saa nyembamba ya kalenda ya kudumu kaifunga kwenye leso. Nilipoifungua, ncha ya wenzo imekatika, kipande kidogo kama ukucha wa sisimizi kimenasa kwenye meno ya gurudumu. Nikamuuliza, "Mzee wangu, uliibadili tarehe usiku?" Akasema, "Nilibadili usiku, ndiyo, lakini nilifuata masharti."

Masharti yenyewe! Saa hizi zina muda ambao hazitaki kuguswa, maana wenzo umeshaanza kunyanyuka kuelekea usiku wa manane. Kwetu ni kuanzia saa tatu usiku mpaka saa tisa. Kitabu chao kimeandika tisa mpaka tatu. Mzee miwani hakuwa nayo, akampigia mpwa wake, mpwa akasoma kama kilivyoandikwa: "Mjomba, usiiguse tisa mpaka tatu." Mjomba akahesabu kwa Kiswahili. Saa tisa alasiri akaiacha. Magharibi akaiacha. Saa tatu usiku ikapita, akangoja na nusu saa ya tahadhari. Saa nne kasoro, akachukua pini.

Mnacheka. Mimi nililipa kwa macho yangu, wiki tatu chini ya lenzi.

Najua mtasema mzee ndiye mwenye kosa. Hapana. Kitu kinachovunjika kwa mtu kutii maagizo kimesanifiwa vibaya. Mwingine ataniambia kuna kisanduku cha umeme cha kuizungusha saa isisimame. Umeme wa mtaa gani, mwanangu?

Na usiniambie haikuwezekana. Kurt Klaus, fundi wa kampuni ya saa ya IWC, alitoa saa ya Da Vinci mwaka 1985, kalenda nzima inafuatana kwa kuzungusha kile kichwa cha kutilia ufunguo. Sawa, ukipitiliza huwezi kurudi nyuma, unakaa unaingoja dunia ikufikie. Hata hivyo hakuna pini. Nene? Nene, ndiyo. Tumekufa?

Lililonifurahisha ni la mwaka 2025. Audemars Piguet, wale wale wa 2.89, wametoa mashine namba 7138. Unene milimita 4.1! Wameongeza milimita 1.21 kwa makusudi, na sasa marekebisho yote yanafanyika kwa kichwa kimoja, bila kijiti. Halafu kwenye kiduara cha saa 24 wametia rangi nyekundu kuonyesha muda wa kutogusa. Wekundu hausomewi na mpwa kwenye simu. Niliilia hiyo milimita miaka mingi, wasimamizi wa ukumbi wanisamehe nikiirudia.

Naona napungiwa mkono. Basi haraka: RD#2 inastahimili maji mita 20 tu, na jasho la hapa mnalijua, ivueni kabla ya daladala. Octo Finissimo haionyeshi mwezi wa angani kabisa, na kwa watu wa pwani tunaoutafuta mwezi kwa macho hilo lilikuwa somo zima, litangoja siku nyingine. Mwaka 2100 hautakuwa mwaka mrefu ingawa gurudumu la miaka 4 litaudhania hivyo, kwa hiyo zote zitakosea tarehe mosi Machi, watashughulika wajukuu.

Maswali yapo? Dada wa nyuma, wewe kwanza. Na kadi zangu zirudi hapa mbele, zilikuwa nne, naona tatu.