Wilbaro, Zakayo na Swali la Dawa

Ndugu zangu, niwasomee swali ambalo watafiti wa Afrobarometer, mtandao unaopima maoni ya wananchi barani Afrika, huuliza nchi baada ya nchi: mwaka uliopita, wewe au wa nyumbani kwako mmekosa chakula cha kutosha mara ngapi? Kisha huulizia maji safi, dawa, nishati ya kupikia na pesa. Niliwahi kukaa kando ya mdodosi akimuuliza mama mboga maswali ya aina hii, mama anakatakata sukuma wiki. Kwenye chakula alijibu upesi. Kwenye dawa, kisu kikasimama.

Tunapouchambua uchaguzi wa rais wa Kenya wa 2022 nawasihi tuanzie kwenye kisu kile kabla ya kukimbilia kabila. William Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013, lakini aliingia kampeni kama mtoto aliyeuza kuku barabarani, hasla, yaani mchuuzi anayehangaikia riziki, dhidi ya madainasti, yaani familia zinazorithishana madaraka, na wilbaro, toroli ya gurudumu moja, ndiyo alama ya chama chake. Mwanasayansi wa siasa Cas Mudde aliandika mwaka 2004 kwamba siasa za namna hii, ziitwazo populism, huigawa jamii mafungu mawili: wananchi wema na wakubwa waliooza. Nani anaingia fungu lipi, mwanasiasa ndiye anayepanga.

Ruto alishinda kwa asilimia 50.49 ya kura. Wenzangu wengi huishia hapo na kusema maskini walidanganywa. Mimi nakataa. Zaidi ya theluthi moja ya waliojiandikisha hawakupiga kura. Ahadi waliisikia, wakabaki nyumbani. Na wengi waliompa kura waliiweka ahadi ile kama deni.

Deni lilidaiwa. Mwaka 2023 kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilipanda kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka 2024 Mswada wa Fedha ukataka kuugusa hata mkate. Vijana wakambandika Rais jina la Zakayo, mtoza ushuru aliyepanda mkuyu, wakaimba "Zakayo shuka!" na kutangaza kwamba hawana kabila, chama wala kiongozi. Juni 25 waliingia Bungeni, na wapo waliopigwa risasi wakafa. Inaniuma kuisoma siku ile kama takwimu. Kesho yake Rais alikataa kuutia saini mswada.

Mama yule alimwambia mdodosi, "Kwa dawa andika mara nyingi." Kisha akauliza kama na wenye mageti huwa wanaulizwa. Wengi huwa tunawakosa. Mlinzi hutuambia mwenye nyumba hayupo.